Mnusaji wa Jeraniamu Aliyepoteza Pua

Nyinyi mlioajiriwa juzi pale kiwandani mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi ya jeraniamu. Nimekubali kwa sababu nimestaafu, goti linaniuma, na mume wangu ametangaza kwamba hataki kusikia tena habari ya majani. Msitarajie mawaidha. Watoa mawaidha tunao wa kutosha kila Jumapili, na wengi wao hawajawahi kushika mundu.

Nianze na jambo ambalo haliandikwi kwenye vibandiko vya chupa. Kabla watu wa viwanda hawajatuambia kwamba kichaka hiki ni mali, mama yangu alikuwa amekipanda kando ya choo. Ukipita, sketi inagusa majani, harufu ya waridi inapanda, na kwa hatua tatu nne hivi unasahau unakoenda. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoona jeraniamu ikifanya, na iliifanya vizuri. Leo mafuta yake yanatiwa kwenye chupa isiyozidi kidole gumba, na mabibi wa ng'ambo wanajipaka shingoni. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sikumwambia mnunuzi hata mmoja habari ya choo.

Aliyenichukua kazini ni Mzee Njeru, Mwembu mmoja mfupi, mkali, aliyekuwa fundi wa tangi na pia mnusaji mkuu. Nilifika langoni nimevaa nguo niliyoivaa kwenye harusi ya binamu yangu, na nimejipaka mafuta ya kunukia mpaka viwiko. Nilifikiri kiwanda cha manukato kinataka watu wanaonukia. Mzee akanisimamisha mbali kwa kuninyooshea mkono.

"Wewe ni msichana ama ni duka?"

"Nimekuja kutafuta kazi, Mzee."

"Enda mtoni uoge. Ukirudi ukinuka mtu, tutaongea."

Nikaenda nikaoga bila sabuni, huku nikimtukana kimoyomoyo kwa Kimeru. Niliporudi alinifunga macho kwa leso yake, ambayo ilinuka tumbaku ya kunusa kiasi cha kunitoa machozi, akaanza kunipitishia vitu chini ya pua. Cha kwanza nikasema waridi. Cha pili nikasema ndimu. Cha tatu nikasema mnanaa. Cha nne kilinichanganya kidogo, nikavuta pumzi tena, nikasema, "Hiki ni kidole chako, Mzee, na hujanawa tangu chai." Akanifungua macho akaniambia nianze kesho yake.

Mpaka leo sielewi yule mzee alifanyaje. Alivuta tumbaku puani kutwa nzima, na bado angeweza kusimama kwenye lango la shamba la mtu akasema ni safu gani imepandwa aina gani. Sisi wengine alitukataza vitunguu, sabuni ya kunukia na hata peremende. Tulipolalamika alisema pua yake ni mzee, imeshazoea dhambi, yetu bado inalelewa.

Sasa niwaambie habari za aina, maana nimesikia mmoja wenu akimwambia mgeni kwamba jeraniamu zote ni sawa. Hazifanani hata kidogo. Ile ya waridi yenyewe, ambayo ndiyo mali yetu, ina majani yaliyochanikachanika na kukwaruza kidogo mkononi. Ya ndimu ina majani madogo yaliyojikunja pembeni, na inakua wima kama mtu aliyeudhika. Ya mnanaa ina jani pana, laini, la manyoya, inatambaa chini na kumeza kitalu kizima usipoikemea. Halafu kuna ile yenye ukingo mweupe, ambayo kila mgeni huipiga picha. Ni nzuri kuangalia, na mafuta yake hayajazi kijiko. Hiyo nayo ikitoa tawi la kijani kibichi tupu, likate siku hiyo hiyo, kwa sababu tawi la kijani lina nguvu kuliko ndugu zake, na ukilionea huruma, baada ya miezi michache ukingo mweupe utausikia kwenye hadithi.

Tena mjue kwamba ya waridi haizai mbegu za kutegemewa. Kila kichaka mnachokiona kuanzia kwetu Imenti mpaka kule Embu ni kipande kilichokatwa kwenye kichaka kingine, ambacho nacho kilikatwa kwingine. Ndiyo maana ukipanda kipandikizi kibaya umeeneza ubaya wako kwa majirani wote. Mimi nilianza kwa kufanya hivyo hasa. Mwezi wangu wa kwanza kitaluni nilipewa vitalu vinne vya vipandikizi, nikavihurumia kwa ajili ya jua, nikavimwagilia asubuhi, mchana na jioni, nikavifunika na nailoni vizuri kabisa. Vyote vikaota soksi nyeusi. Hilo ndilo jina tuliloupa ule ugonjwa, kwa sababu shina linakuwa jeusi kuanzia udongoni kwenda juu, na likishafika goti, kwaheri.

Mzee Njeru akapita katikati ya vitalu mikono nyuma, asiseme neno, mpaka akafika kwangu.

"Kagwiria, wewe umewahi kulea maharagwe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Inaonekana. Hii si maharagwe. Hii inataka mtu mchoyo."

Basi shikeni hilo. Kata kipandikizi kirefu kama kiganja, toa majani ya chini, kiache kivulini nusu siku kidonda kikauke, ndipo ukichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na samadi kidogo iliyooza. Maji kidogo. Ukiona unajisikia vizuri kwa jinsi unavyomwagilia, umeshapitisha kipimo.

Siku zile tulikamua mafuta kwa kuni. Tangi lilikuwa pipa kubwa lililoungwaungwa, bomba la kupozea lilipita kwenye mtaro wa maji kutoka mlimani, na kipimo cha mvuke kilikuwa sikio la Mzee Njeru. Pipa likinguruma alisema toa kuni, likipiga mluzi alisema kimbieni. Tulikimbia mara mbili. Leo mna boila inayowaka kwa kubonyeza, na mashine ya ofisini inayochora mistari kwenye karatasi ikiwaambia ndani ya mafuta mna nini. Siichukii. Inajua mengi kuliko mimi. Lakini inajua baada ya majani kupikwa, na jani likishapikwa hata likiombewa halirudi shambani.

Kazi ya pua iko kabla ya hapo. Jeraniamu ya waridi ikiwa changa hainuki waridi. Inanuka ndimu. Unaweza kuisugua mkononi ukaapa ni ile aina nyingine. Kisha siku moja, majani ya chini yanapoanza kugeuka manjano kidogo, ndimu inaondoka na waridi linaingia. Ukikata mapema unapata mafuta ya ndimu ambayo hakuna aliyeyaagiza. Ukichelewa sana unapata harufu ya nyasi kavu. Mnusaji anapita mashambani siku hizo za katikati, anachuma jani la chini, analisugua, anafumba macho, anasema kata au anasema ngoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu baada ya Mzee Njeru kustaafu na kurudi kwao Embu. Wakulima waliniita Madam Pua, nami nilijifanya nimeudhika, lakini nilipenda.

Mmeniuliza pia kwa nini kule shambani mkulima hunusa kwanza na kusema anachosikia, ndipo mnusaji naye anuse. Nyinyi mnaona ni kupoteza wakati. Kanuni hiyo niliileta mimi, na sikuileta kwa akili nyingi. Kaeni niwaambie ilivyokuja.

Upande wa Kanyakine kulikuwa na mkulima anayeitwa Karimi. Kwa kuwa mtoto wake wa kwanza ni Mwenda, mbele za watu tulimwita Mama Mwenda, na bwana yake tukamwita Baba Mwenda. Shamba lao ni dogo, limelala kwenye mteremko, na yeye Karimi ndiye aliyelilima kila siku, huku bwana akilisimamia kwa kusimama. Baba Mwenda alitaka mahindi na kahawa kama baba yake. Karimi alimsihi ampe msimu mmoja tu wa jeraniamu. Bwana akakubali, lakini akaweka sharti mbele ya mama yake na majirani wawili: kiwanda kikiyakataa majani hayo ya kwanza, atang'oa kila kichaka, na Mama Mwenda hatafungua kinywa tena kumshauri apande nini. Karimi akasema sawa. Kwa hivyo mavuno yale ya kwanza ndiyo yangeamua kama atakuwa na neno katika shamba analolima yeye. Mimi nilijua hivyo, kwa sababu nilikuwepo, tena ni mimi niliyempa kila kipandikizi kwa mkono wangu.

Sasa msimu huo huo nikashikwa na homa. Ilinilaza wiki mbili, ikaondoka, na ilipoondoka ikaenda na pua yangu. Pua yenyewe ilibaki usoni kama pambo. Niligundua siku mume wangu aliporudi akanikuta nimekaa jikoni nasoma gazeti, na githeri imeungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi, moshi umejaa. "Wewe unangoja nini, mazishi?" akauliza. Sikuwa nimesikia chochote.

Mtu mwenye akili angeenda kwa meneja akasema, bwana, pua imekufa, nipe kazi nyingine kwa sasa. Mimi ni Mmeru, na mnajua tulivyo. Nilikuwa Madam Pua. Nilikuwa nimebakisha muda mfupi tu nistaafu. Nikaona afadhali nidanganye kidogo mpaka irudi. Nikawa naenda mashambani, nasugua jani, nafumba macho, natikisa kichwa kama ninasikiliza mahubiri, kisha nafungua jicho moja kutazama uso wa mkulima. Uso wake ukiwa na raha nasema kata. Ukiwa na wasiwasi nasema ngoja. Msicheke, kwa mashamba mengi ilifanya kazi, kwa sababu wakulima wengi walijua wenyewe. Nilitegemea pia macho: majani ya chini yakiwa manjano, basi ni tayari.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Karimi. Aliniwekea kiti kwenye baraza, karibu na mahali alipofunga beberu wake, akaniletea chai. Nikanywa, nikaisifu, nikaomba kikombe cha pili. Karimi alinitazama kwa muda, akamimina.

Tukaingia kwenye safu. Sehemu ya juu ya mteremko majani ya chini yalikuwa manjano vizuri kabisa, sehemu ya chini bado kijani. Nikachuma jani la juu, nikalisugua, nikafumba macho. Kimya. Ningeweza kuwa ninanusa karatasi. Nikafungua jicho moja nimwangalie Karimi, lakini aliyekuwa mbele yangu ni Baba Mwenda, amekunja mikono, na uso wake hauna habari yoyote ndani.

"Madam, hii majani iko tayari ama haiko?"

"Ya juu iko tayari," nikasema. "Kateni kesho umande ukikauka. Ya chini tutarudi, hata hivyo tangi haliwezi kubeba yote."

Karimi naye alichuma jani, akalinusa. Akaniangalia. Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mimi nilifurahi kwamba amenyamaza.

Kuna manjano mbili, vijana, na hili mlichonge kichwani. Kuna manjano ya kukomaa na kuna manjano ya njaa. Mvua ilikuwa imeshusha udongo wote mzuri wa sehemu ya juu ukaenda chini, na vile vichaka vya juu vilikuwa vimekonda tu, havijakomaa. Kwa macho huwezi kutofautisha ukiwa na haraka. Kwa pua ni mara moja.

Majani yakakatwa, yakaletwa kwa magunia, yakapikwa. Siku ya pili mjumbe wa mnunuzi akachovya kijikaratasi chake kwenye mafuta, akakinusa, akakunja uso. "Hii mmechanganya na ya ndimu," akasema.

Mnajua maana ya neno hilo kwetu. Kuna wakulima wachache, hawakosekani, wanaojaza magunia kwa aina ya ndimu kwa sababu inakua haraka. Ukikamatwa, jina lako linafutwa, na linasomwa kwa sauti pale kituo cha majani, wakulima wanapoleta magunia yao, ili wengine waogope. Meneja akauliza tangi lile lilikuwa la nani. Akaambiwa ni la Mama Mwenda wa Kanyakine.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwa kijikaratasi. Nilielewa mara moja kilichotokea. Nilijua hakuna hata kichaka kimoja cha ndimu katika shamba lile. Nilijua ni majani machanga, na nilijua nani aliyesema yakatwe. Nikatazama viatu vyangu. Nikafikiria jinsi meneja atakavyocheka, na jinsi wakulima watakavyocheka, na nikaendelea kutazama viatu. Kesho yake jina la Karimi likasomwa kituoni, akiwepo, na watu aliosali nao wakasogea kando kidogo. Hakulia wala hakubisha. Alichukua magunia yake matupu akayakunja moja moja, akaondoka. Nimefanya mambo mengi ya kipumbavu maishani na mengi ninayasimulia kwa kicheko. Hili siwezi kulicheka mpaka leo.

Nilikaa nalo wiki mbili na zaidi. Chakula hakikuwa na ladha, lakini hilo lilikuwa kosa la pua. Usingizi nao ulikataa. Mwishowe nikampigia simu Mzee Njeru kule Embu, nikamwambia pua imekufa. Alicheka mpaka akakohoa, nikamsikia akimwita mkewe aje asikie.

"Kagwiria! Mnusaji bila pua! Na unanusa na nini, masikio?"

"Na macho, Mzee."

"Uuui. Na umeharibia nani?"

Nikamweleza habari ya Karimi yote, pamoja na jina lilivyosomwa. Kicheko kikakatika.

"Mimi pua yangu ilikufa mara mbili nikiwa hapo," akasema. "Si unakumbuka nikikaa kitaluni na nyinyi mwezi mzima nikiwasumbua? Ulidhani nilipenda?"

"Hukutuambia."

"Meneja nilimwambia. Nyinyi hamkuniuliza. Sasa wewe unakaa kwa simu na mimi kufanya nini? Ni mimi niliharibia huyo mama?"

Akakata simu bila kunipa hata kwaheri.

Nikaenda kwa meneja asubuhi hiyo hiyo. Sitawaambia maneno yote aliyosema, mengine hayaandikiki. Alipomaliza kunifokea aliketi, akafikiri. Akasema mimi naweza kuwa ninamtetea rafiki yangu, na mjumbe wa mnunuzi hatakubali hadithi ya homa. "Si ulisema sehemu ya chini haikukatwa?" akauliza. "Lete majani ya hiyo sehemu. Ni vipandikizi vya siku moja, shamba moja. Yakiwa waridi, basi hakukuwa na ndimu, na jina nitalirudisha mwenyewe mbele ya watu. Yakiwa hayapo, mimi sina la kufanya."

Nikapanda bodaboda, nikamwambia mwendeshaji asisimame hata kwa polisi.

Tulipofika, Baba Mwenda alikuwa shambani na jembe. Sehemu yote ya juu ilikuwa imeng'olewa, visiki vimelundikwa pembeni, mizizi ikitazama juu. Alikuwa ameshaingia sehemu ya chini, na zilikuwa zimebaki safu tano. Karimi alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mikono ndani ya leso aliyojifunga kiunoni. Hakuwa anamzuia. Alikuwa amekubali sharti mbele ya watu, na yeye si mtu wa kuvunja neno.

"Baba Mwenda, ngoja kwanza," nikaita.

"Ningoje nini, Madam? Si mlisema sisi ni wezi?"

"Ninyi si wezi. Mimi ndiye mjinga."

Nikasema yote, nimesimama juu ya udongo uliochimbuliwa, viatu vimezama. Homa, githeri iliyoungua, kufumba macho, manjano ya njaa, kijikaratasi, viatu nilivyovitazama. Sikupamba. Sauti ilinitetemeka, na niliona aibu ya kutetemeka kuliko aibu ya maneno yenyewe, hivyo ndivyo kiburi kilivyo. Nilipomaliza nilimwambia Karimi, "Mama Mwenda, nimekukosea. Nisamehe."

Karimi alitoa mikono ndani ya leso.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba husikii harufu. Ulikaa karibu na hiyo beberu yangu nusu saa. Maziwa ilikuwa imeungua, nikakupa nikijua utakataa, ukaomba ingine. Hata mgeni wa heshima hawezi fanya hivyo."

"Na jani? Ulilinusa."

"Ilikuwa ndimu tupu."

"Sasa mbona hukusema, Karimi? Ungesema neno moja tu."

"Ningesema aje?" Akamtazama bwana yake, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika. "Wewe ndiye Madam Pua. Yeye alikuwa amesimama hapo. Wewe ukisema, anasikiza. Mimi nikisema, anauliza nilisomea wapi. Na wewe ulipofungua hiyo jicho yako moja, hukuniangalia mimi. Uliangalia yeye."

Kanuni ile ya mkulima kunusa kwanza ilianzia hapo. Baba Mwenda alikuwa ameacha kulima, ameegemea mpini.

Karimi akashuka taratibu mpaka kwenye safu zilizobaki. Akainama, akachuma jani la chini kabisa, akalisugua kati ya viganja, akaviweka vyote viwili usoni. Alikaa hivyo muda mrefu. Alichuma jingine kutoka safu ya pili, na jingine kutoka safu ya tano, mwisho wa shamba, akafanya vile vile.

"Hii imegeuka," akasema. "Ni waridi."

Baba Mwenda akalaza jembe chini. Akaja akalichukua jani kutoka mkononi mwa mkewe, asilinuse, akanyoosha mkono akaniletea mimi.

"Madam, ni ukweli?"

Nami niwakirie jambo, vijana. Nilijua ni kweli. Wiki zilikuwa zimetosha, jua lilikuwa limetosha, manjano ya chini ilikuwa ile yenyewe, na Karimi si mtu wa kusema asichokijua. Ningetikisa kichwa tu, na jina langu la Madam Pua lingerudi kwangu palepale, na ningeondoka nikiwa mtaalamu. Nilishika lile jani nikalileta puani. Hakuna kitu.

"Mimi sijui," nikasema. "Sisikii chochote. Muulize mwenye pua."

Akabaki amenikodolea macho, kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa barabara imehamishwa. Akalirudisha jani kwake, akalinusa mwenyewe, akakunja uso, akalinusa tena. Kisha akageuka.

"Mama Mwenda," akasema, "sasa tukate lini?"

Karimi alitazama mawingu upande wa mlima, akapita safu moja baada ya nyingine akigusa majani ya chini kwa vidole, na sisi wawili tukasimama pale tukimngojea.